Mbio zenye uzio na mbio zisizo na uzio



Imetufikia barua ya mama mmoja, mkazi wa Mombasa, ambaye mwanawe anasoma katika Chuo Kikuu cha Kibabii huko Bungoma. Anaeleza kwamba kijana alipokuja likizo alikuwa akikesha na simu mkononi, akitazama magari ya Marekani yakizunguka kiwanja chenye umbo la yai, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Mama anauliza mambo matatu. La kwanza, ni mchezo gani huu ambao watu wazima na akili zao huzunguka mara 200 kisha hurudi pale pale walipoanzia? La pili, kuutazama kuna ubaya gani kisheria? La tatu, na hili ndilo naliona limemnyima usingizi, ni kwamba kijana amemwambia kuwa kati ya Bungoma na Kitale wako madereva wanaoweza kuwashinda hao Wamarekani, na kwamba yeye husafiri nao kila anapokwenda kumtembelea ami yake Kitale.

Nitayajibu yote matatu, lakini mama ataniwia radhi nikikaa zaidi kwenye la kwanza na la tatu, kwa sababu ufunguo wa la tatu umo ndani ya la kwanza.

Mchezo wenyewe jina lake kwa Kiingereza lina maana ya mbio za magari ya dukani, yaani magari ya kawaida yanayonunuliwa na watu kwa matumizi ya nyumbani. Asili yake si ya kujivunia. Kati ya mwaka 1920 na 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe, na katika majimbo ya kusini walikuwako vijana wakibeba pombe ya magendo usiku katika magari ambayo kwa nje yalifanana na ya mtu yeyote, lakini injini zao zilikuwa zimetiwa nguvu ili kuwakimbia maaskari. Marufuku ilipoondolewa magendo hayakwisha, kwani wapo waliotaka kukwepa ushuru. Vijana hao walipokutana mchana walibishana nani ana gari la mbio zaidi, na ubishi huo ndio uliozaa mashindano. Mwaka 1948 Bill France aliyakusanya makundi yaliyotawanyika akaunda chama kimoja, NASCAR, chenye kanuni moja na daftari moja la pointi.

Sisi watu wa pwani tutapenda kusikia kwamba mbio za mji wa Daytona, jimbo la Florida, zilikuwa zikifanyika ufuoni. Nusu ya njia ilikuwa mchanga wa bahari na nusu ya pili barabara iliyo sambamba nao, na waandalizi walilazimika kupanga saa zao kwa kupwa na kujaa kwa maji kama wafanyavyo wavuvi wetu. Mwaka 1959 kikafunguliwa kiwanja maalumu, Daytona International Speedway, nacho ndicho alichokuwa akikitazama kijana wetu. Mzunguko wake mmoja ni maili 2 na nusu, kiasi cha kilomita 4. Mizunguko 200 ni maili 500, ambazo ni zaidi ya kilomita 800. Basi hao wazungukao pale pale, mama, huwa wamekwenda masafa ya kutoka Mombasa hadi kupita Eldoret kwa muda wa takriban saa 3 na nusu.

Kwenye kona zake kiwanja hicho kimeinama nyuzi 31, mwinamo ambao mtu wa kawaida hupanda kwa taabu. Sababu yake ni hii. Gari likipinda kwa kasi hutaka kutupwa nje ya njia, kama maji yanavyomwagika mtu anapozungusha ndoo. Ardhi ikiinuliwa upande wa nje, ile nguvu ya kulitupa nje huligandamiza gari kwenye lami badala ya kulitoa barabarani. Kwa hiyo kasi ile haikutoka kwenye ushujaa wa dereva peke yake. Mhandisi alikaa na karatasi yake kabla ya tairi la kwanza kuzunguka.

Gari nalo limebaki la kawaida kwa sura tu. Tangu mwaka 2007 Toyota Camry hushindana katika daraja la juu la mchezo huu, na mtu akiliona kwenye simu atadhani ni lile la jirani yake. Akilichungulia ndani atashangaa. Halina milango ya kufunguka, dereva huingia kwa kupanda dirishani. Kiti ni kimoja tu. Kumzunguka dereva pana kizimba cha mabomba ya chuma, ili gari likibingirika paa lisimponde. Mikanda humfunga mabega, kiuno na mapaja. Nguo zake hazishiki moto kwa urahisi, na dirishani pana wavu wa kuzuia mkono usitoke nje gari linapopinduka. Nje ya njia wanangoja wazima moto na madaktari. Naomba msomaji aiweke orodha hii akilini, kwani tutairudia tukifika Kamukuywa.

Nimesoma habari za mchezo huu kwa muda, na lililonivutia si ushindi. Ni namna jamaa wale walivyokuwa wakibadilisha kanuni kila walipozika mtu, au walipoponea chupuchupu kuzika wengi.

Mwaka 1987, katika kiwanja cha Talladega, jimbo la Alabama, dereva Bill Elliott alipima mwendo wa maili 212 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 340. Watu walishangilia. Siku chache baadaye, tarehe 3 Mei, mbio zenyewe zikiendelea, tairi la gari la Bobby Allison lilipasuka. Gari likainuka hewani likaparamia uzio wa nyaya uliokuwa mbele ya jukwaa la watazamaji, likaurarua. Watu kadhaa walijeruhiwa. Lau gari lingalipenya, lingaliangukia aila zilizokaa na watoto wao. Bobby alitoka salama. Katika mbio zile zile alikuwamo mwanawe, Davey, na ndiye aliyeshinda siku ile, ushindi wake wa kwanza katika daraja hilo. Mzazi yeyote anaweza kukadiria moyo wa kijana huyo ulikuwaje kabla hajajua kuwa babake amenusurika.

Wenye mchezo wakafanya nini? Wangeweza kusema ni ajali, kazi ya Mungu, tuendelee. Badala yake, kuanzia mwaka 1988, waliamuru magari katika viwanja viwili vyenye kasi kubwa kupita vyote yafungwe bamba la chuma lenye matundu manne madogo, juu ya injini, ili hewa iingiayo ipungue na nguvu ya gari ipungue pamoja nayo. Walikifunga kidhibiti mwendo! Watu ambao biashara yao ni kasi, ambao tiketi zao hununuliwa kwa ajili ya kasi, walikata wenyewe kasi yao kwa chuma. Madereva walilalamika, na hawakukosa hoja, kwani magari yakiwa na nguvu sawa huenda kwa kundi moja, na mmoja akiteleza huwavuta wengine ishirini. Hata hivyo bamba halikuondolewa kwa malalamiko hayo, na kanuni ya kupunguza nguvu katika viwanja hivyo imebakia mpaka leo, ingawa kifaa chenyewe kimebadilika.

Jingine linahusu nyumba ya akina Petty. Babu mkubwa, Lee Petty, ndiye aliyeshinda mbio za kwanza za Daytona mwaka 1959. Mwanawe Richard akawa bingwa mara 7. Mwana wa Richard, Kyle, naye akashindana, na mwana wa Kyle, Adam, akaingia akiwa kizazi cha nne. Lee alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2000. Wiki tano baadaye, tarehe 12 Mei, Adam aligonga ukuta akifanya mazoezi katika kiwanja cha New Hampshire, akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 19, umri wa kijana wetu wa Kibabii. Wazazi wake walianzisha kambi ya watoto wenye maradhi mazito, wapate kucheza na kuogelea na kuwasahau madaktari kwa siku chache. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 2004 katika jimbo la North Carolina, na ingalipo. Sikulitaja hili ili tuingie katika hukumu za mambo ya akhera yao, hayo ni ya Mola wao. Nimelitaja kwa sababu mama aliyepotelewa na mwana ni mama, popote alipo, na huyu aliugeuza msiba wake ukawa nafuu kwa watoto wa wengine.

Mwaka huo huo wakafa madereva wengine wawili, na mwezi wa Februari mwaka 2001, katika mzunguko wa mwisho kabisa wa Daytona, akafa Dale Earnhardt, bingwa mara 7, mtu aliyedhaniwa haumii. Wengi wa marehemu hao walipatwa na jeraha la namna moja. Mwili umefungwa kwa mikanda imara, lakini kichwa hakikufungwa, kwa hivyo gari liliposimama ghafla kichwa kilitupwa mbele na mfupa wa chini ya fuvu ukavunjika. Dawa yake ilikuwa imekwisha kubuniwa, nayo ni kola ngumu inayovaliwa mabegani na kuunganishwa na kofia ya dereva. Earnhardt hakuwa akiivaa. Kabla ya mwaka 2001 kwisha ikawa ni lazima kwa wote. Kisha kuta za saruji zikavikwa kuta nyingine za chuma zenye sponji ngumu nyuma yake, ili zinapogongwa zibonyee kidogo. Tangu siku ile ya Februari mpaka leo hajafa dereva hata mmoja katika mashindano ya daraja lile la juu. Mwaka 2020 gari la Ryan Newman lilipinduka pale pale Daytona na kugongwa likiwa juu chini, na waliotazama walidhani amekwisha. Siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu yake, amewashika mikono mabinti zake wawili.

Tusidhani kwamba haya ni ya Marekani tu. Safari Rally yetu ilianza mwaka 1953, katika sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilikimbia katika barabara zilizo wazi, ng'ombe wakivuka na watoto wa skuli wakipunga mikono kandoni. Wasomaji wa rika langu watamkumbuka Joginder Singh, kalasinga mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5. Baada ya mwaka 2002 mashindano hayo yaliondolewa katika ratiba ya dunia. Yaliporudi mwaka 2021 yalirudi kwa sura nyingine, katika njia za Naivasha na pande zake zinazofungwa kabisa wakati wa mbio, na watazamaji wamewekewa mahali pao. Hata Safari, ambayo fahari yake ilikuwa barabara ya wazi, imekubali kuingia ndani ya uzio.

Sasa nije kwenye swali la sheria, nami nitakuwa mfupi. Kushindana kwa mbio si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi. Waliofunzwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa marefu, na wasiofunzwa walikimbia masafa mafupi, kutoka Thaniyya hiyo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Angalia mafunzo yaliyomo. Mwanzo unajulikana, mwisho unajulikana, na mnyama dhaifu hakulazimishwa kushindana na mwenye nguvu. Bibi Aisha naye amesimulia jinsi alivyoshindana na Mtume kwa miguu, mara ya kwanza akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipoongezeka, akashindwa.

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wameliwekea jambo hili mlango maalumu katika vitabu, na waliosoma Abu Shujaa madrasani wataukumbuka. Wameshurutisha masafa yajulikane, vipando vijulikane, na zawadi ijulikane. Hata punda wamewataja, na kauli yenye nguvu ni kwamba kuwashindanisha kwafaa, kwa hivyo ndugu zetu wa Lamu wanaokimbiza punda wakati wa Maulidi wasiwe na shaka. Zawadi ikitolewa na kiongozi au na mtu wa kando, haina tatizo. Wakitoa washindani wenyewe, kila mmoja akaweka fedha yake ili mshindi achukue zote, hiyo imeingia katika kamari, isipokuwa awepo mtu wa tatu asiyetoa kitu kwa sharti walizozitaja. Je, magari yanaingia katika hukumu ya farasi upande wa zawadi? Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana, nami sioni haja ya kumtia mama katika hitilafu hiyo, kwani mwanawe hashindani. Anatazama. Kutazama mchezo usio na aura iliyofunuliwa wala fedha iliyowekwa ni mubaha, madhali haumpotezei sala. Kinachonitia wasiwasi ni zile programu za kubahatisha zilizomo katika simu hiyo hiyo. Akiweka hata shilingi 20 juu ya gari fulani, hapo hapana hitilafu. Ni kamari.

Nimefika kwenye la tatu.

Kitale na Bungoma si ugenini kwetu. Uislamu wa magharibi ya Kenya ulipita Mumias, kwa wafanyabiashara wa pwani waliofika katika himaya ya Wanga karne ya 19, na hadi leo mtu wa Mombasa akiingia msikiti wa Bungoma au wa Kitale hakosi wa kumwuliza habari za nyumbani. Nimekwenda huko mara kadhaa kwa shughuli za daawa. Ukitoka Bungoma waelekea Webuye, kisha wapinda kaskazini kwa barabara kuu iendayo Kitale na mbele yake Lodwar. Wapita Lugulu, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini. Mkono wa kushoto waona Mlima Elgon siku isiyo na mawingu. Kutoka Webuye hadi Kitale hazizidi sana kilomita 60, katika mashamba ya miwa na mahindi. Barabara ni ya njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ndani yake mna matrela ya Turkana na Sudan Kusini, matrekta yenye miwa, boda boda, baiskeli, punda na watoto wa skuli.

Humo ndimo ilimo Probox. Gari hili liliundwa na Toyota mwaka 2002 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Japani kubebea mizigo midogo. Lina viti vya watu watano. Katika njia ile nimeona likipakia tisa na kumi, pamoja na wale waliokunjwa nyuma na mizigo, na abiria mmoja akiketi kiti kimoja na dereva, upande wa mlango, hata dereva akitaka kubadilisha gia huegemea mtu. Hilo ndilo gari la dukani la kwetu. Sura ni ile ile ya kawaida. Lakini halina kizimba, halina mikanda ya kutosha watu, halina mzima moto, na jukwaa la watazamaji ndio sisi wenyewe tuliomo ndani.

Safari moja nilipanda Webuye. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu, alinipa salamu na kuniita sheikh. Tulipotoka Misikhu likatokea gari lingine la namna ile ile, likatupita, na dereva wake akapiga honi. Sijui honi ile ilimwambia nini. Nilichokiona ni kwamba kijana mwenye adabu aliondoka na kiti kikabaki na mtu mwingine. Mshale ukapanda hadi 100, ukapanda hadi 120. Walikuwa wakiwania abiria wa steji ya mbele, nao hawakuzidi wawili au watatu. Nauli ya watu watatu! Mbele yangu mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mchanga, na nilimwona akimfunika kichwa kwa kiganja chake, kana kwamba kiganja kitafaa kitu.

Tufanye hesabu ndogo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hukata mita 22 kwa sekunde moja. Likienda 120, hukata mita 33. Dereva aonaye ng'ombe barabarani huchukua sekunde moja au zaidi kabla mguu wake haujafika kwenye breki, na mita 33 zimeshapita bila kupunguza chochote. Na nguvu ya pigo haizidi kwa kadiri ya mwendo tu. Mwendo ukizidi kwa nusu, pigo huzidi mara 2 na robo. Wale wa Daytona wanaijua hesabu hii, ndiyo maana wakajifunga bamba. Kijana wa Misikhu hakuwahi kufundishwa, wala hakuna aliyemzungushia uzio.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa Kibukusu aliyekaa nyuma yake. Hakupiga kelele. Alimgusa bega akamwambia: "Baba, mimi nina wajukuu wanaoningoja. Wewe nani anakungoja?" Kijana hakujibu, lakini tulisikia injini ikishuka sauti. Tulivuka daraja la Kamukuywa kwa mwendo wa heshima, na daraja hilo limetajwa katika habari za ajali mara nyingi kupita inavyostahili. Bibi alishuka Kiminini. Mshale ukaanza kupanda tena, nami nikamwuliza dereva swali lile lile la bibi. Abiria wawili waliniunga mkono, mmoja wao yule mama mwenye mtoto, na sauti yake ilikuwa kali kuliko yangu. Tukafika Kitale sote.

Kanuni hazikukosekana. Mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, matatu zote ziliamriwa kufunga mikanda na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa. Miezi ile ya mwanzo nchi nzima ilishuhudia mabadiliko, abiria wakikaa kwa hesabu na utingo wakivaa sare. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuunda mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Kidhibiti kile ni ndugu wa bamba la Talladega, kazi yao ni moja. Tofauti ni kwamba kule magari hukaguliwa kabla ya mbio na baada yake, na aliyechezea bamba huadhibiwa hata kama ameshinda. Huku kidhibiti chaweza kukatwa waya gereji asubuhi, na Probox nyingi hazikuwa nacho tangu mwanzo kwa vile kwa karatasi si gari la abiria. Askari akiwa barabarani, abiria wa ziada hushuka kabla ya kizuizi, hutembea, hupandia mbele. Tumeshiriki wenyewe katika kuung'oa uzio, kwa kupanda kiti ambacho hakipo.

Wala msiba wa barabara za magharibi hauko mbali na nyumba zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa katika barabara ya Nakuru na Eldoret, basi lililotoka Busia kwenda Nairobi liligongana na lori, wakafa watu 36. Barabara ile ndiyo wanayopita wanafunzi wetu wa Kibabii wanapokuja likizo.

Kwa hivyo, mama, usimnyang'anye kijana simu. Kaa naye siku moja mtazame pamoja, mwanzo wa mbio hadi mwisho. Mwambie akuoneshe kizimba, wavu wa dirishani, kola ya mabegani. Mwulize bamba la Talladega lilifungwa kwa nini, na akikosa jibu umwoneshe gazeti hili. Kisha mwulize, kwa upole, lile gari la kwenda Kitale kwa ami yake lina kipi katika hivyo. Vijana hawapendi kuhubiriwa, ila huona wenyewe wakipewa nafasi. Na ami yake Kitale apigiwe simu, ampangie dereva anayejulikana au matatu yenye mikanda, hata kama itampasa kungoja nusu saa zaidi steji. Nauli ikizidi kidogo, mwongezee. Ni nyepesi kuliko gharama nyingine zote ninazoweza kuzitaja.

Na ikiwa moyo wake umeshikwa na mbio kweli kweli, zipo za halali hapa hapa nchini, chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, katika viwanja vya vumbi ambako gari moja moja huzunguka kwa kupimwa saa. Na miaka hii ya karibuni Safari imekuwa ikifanyika Naivasha mwezi wa Machi. Akitaka kwenda kutazama na wenzake wa chuo, mimi ningempa ruhusa. Bungoma hadi Naivasha ni safari ya mchana mmoja. Aondoke asubuhi baada ya sala, kwa basi, asisafiri usiku, wala asikubali kuketi kiti kimoja na dereva.